Nilivyomlilia Samaki wa Upanga

Ndugu zangu, juzi niliaibika ufukweni mwa ziwa, hapa Nchelenge. Tangu nimzike mume wangu sikuwa nimelia kwa sauti. Nilikuta wanawake wameketi chini, kimya, na mgeni akisema kwa huzuni. Nikadhani ni msiba, nikavua viatu, nikaketi nyuma.

“Hana hata jino moja, lakini mbio zake nani anaziweza? Anashuka kwenye giza na baridi, macho yake yanabaki na moto. Na watu walikaribia kumumaliza!”

Mzee shujaa namna hii! Nikaangua kilio, mikono kichwani.

“Mama Chola, unamulilia nani?” jirani yangu akauliza, akinionyesha picha mkononi mwa mgeni: samaki wa baharini, mdomo mrefu kama upanga. “Mugeni anatufundisha mambo ya uvuvi. Huyu iko muzima! Kule walikoacha watoto wake wakomae, wameongezeka tena.”