Neno Nililomsahihishia Sista

Kilichonitisha kwanza ni sauti. Akoo, ndivyo sisi Waborana tunavyomwita bibi, alikuwa akishanyweshwa maziwa anatoa sauti iliyolowa, ya kutokota, kama sufuria ya chai inayokaribia kufurika. Niliisikia mara ya kwanza alasiri moja ya kiangazi, nyumbani kwetu Bulapesa, mjini Isiolo, upepo ukiingiza vumbi hadi kwenye matandiko na wanajeshi upande wa Burat wakifanya mazoezi ya kufyatua risasi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na kitanda chake, na kusema kweli niliogopa hata kugeuza shingo. Mdomo ulikuwa wa Akoo, lakini aliyekuwa akisema mle ndani sikumjua.

Wiki mbili kabla ya hapo alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala: mkono, mguu, shavu, hata kope. Maneno yakakatika. Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, nesi mmoja, mama wa Kimeru mwenye haraka zake ambaye wote walimwita Sista, alitukalisha kwenye benchi atueleze namna ya kumlisha. Baba alikuwa amehama na mifugo kutafuta maji. Mama alizaliwa na kukulia Sericho, mbali huko kwa ngamia, na Kiswahili chake siku hizo kiliishia kwenye salamu. Basi mkalimani nikawa mimi, Tume, wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na kiburi changu kilikuwa hakishikiki.

"Koo yake pia imelala," Sista alisema. "Asipewe kitu nyepesi, hata kidogo. Kila kitu iwe nzito. Umeskia?"

Nilisikia, tena vizuri. Ila kwangu mimi kizito kilikuwa nyama, githeri na ugali, na chepesi kilikuwa maziwa, chai na supu, vitu ambavyo kila mwenye akili humpa mgonjwa. Nikaona ulimi wa Sista umeteleza. Maskini, kazi imemchosha. Nikamsahihishia. Nilimgeukia Mama nikamwambia kwa Kiborana, bila kupepesa macho, kwamba Akoo apewe vyepesi tu, vizito hapana. Mama akaitikia kwa kichwa. Akoo, kwenye kiti cha magurudumu, alinikodolea jicho lake moja lililo zima. Mimi nilidhani ananisifu.

Tulipofika nyumbani akaanza kukataa maziwa. Kila kikombe kilipokaribia alibana meno, na mkono wa kushoto ukakisukuma. Kwetu sisi maziwa hayakataliwi hivi hivi, na mzee kama yeye kuyakataa lilikuwa jambo la kutisha. Shangazi Dahabo, binti yake, ambaye alikuwa amesafiri kutoka Sericho kuja kumuuguza, alisimama mlangoni akaapa: "Wallahi, huyu si mama yangu. Kuna mwingine amekaa hapa." Wakafukiza ubani. Maalim akaitwa, akasoma Kurani mchana kutwa. Meno hayakuachia.

Aliyeweza kumfungua ni mimi. Nilimpapasa shavu lile lililolala, nikambembeleza huku nalia, Akoo kunywa, Akoo tafadhali, na taya likalegea. Nikammiminia kidogo kidogo. Niliweka kiganja kooni mwake nisikie akimeza, na hakuna kilichosogea. Hakuna! Hakukohoa, hakupaliwa, hakumeza, na bado maziwa yalikuwa yakiisha kikombeni. Yalikuwa yakienda wapi? Halafu ile sauti ikaanza kutokota chini ya kiganja changu, nami nikakimbilia nje juani. Kesho yake nikampa tena, kwa sababu kila mtu alikuwa akinisifu.

Siku ya sita aliwaka homa, na pumzi yake ikawa inakwaruza. Tulimrudisha hospitali. Sista alimsikiliza kifua, kisha akainuka polepole.

"Mnampatia nini?"

"Maziwa, Sista. Na chai."

"Na mimi nilisema nini? Si nilisema nzito? Nzito kama uji nzito! Hiyo yote imeingia kwa mapafu."

Uji mzito! Neno nililolijua tangu nikiwa chekechea. Mama akanishika bega akiuliza anasema nini, anasema nini. Nikamwambia kwamba Sista amebadilisha masharti.

Akoo alipigwa sindano siku nyingi, na alipotoka tukaanza upya. Ititu, maziwa yetu yaliyoganda kwenye kibuyu, ndiyo yaliyofaa. Sista alinifundisha kugeuza kijiko: yakidondoka haraka, bado. Akoo ainamishe kidevu kifuani, ameze, ameze tena, kisha aseme "aaa". Sauti ikitoka kavu, tuendelee. Ikitoka imelowa, tusubiri. Wiki kadhaa nilikaa nikisikiliza hiyo "aaa", nikimwogopa yule wa ndani asijibu. Asubuhi moja koo likaruka chini ya kiganja changu, likapanda, likashuka, na "aaa" ikatoka kavu kabisa. Nililia mpaka nikaaibika.

Maneno yalirudi mwisho. Mama na Shangazi walikuwa wameenda sokoni, tumebaki wawili, na Akoo akasema polepole, kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake: "Nilimskia Sista. Alisema nzito."

Kumbe alikuwa amewauzia Wameru mbuzi kwa Kiswahili miaka mingi kabla sijazaliwa. Siku ile kwenye benchi alimsikia Sista, akanisikia na mimi, na hakuwa na ulimi wa kusema.

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Ulikuwa unalia."

Aliishi miaka mingine minane, akila hata nyama choma, na hakulitaja tena jambo hilo mbele yangu. Siku hizi kutafsiri ndiyo kazi yangu. Naulizia kila neno mara mbili hadi watu wananiona msumbufu. Mama sasa ana Kiswahili cha kugombana na mfanyabiashara yeyote mjini, lakini kwa daktari bado anataka mimi. Mwaka huu presha yake imepanda vibaya. Juzi daktari alizungumza, na mimi nikamwambia Mama kwa Kiborana neno kwa neno, hata yale yaliyonichoma kuyatamka. Sijawahi kumweleza habari ya Sista. Kama Akoo alimweleza, sijui. Mama akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza nilipokuwa na miaka kumi.

"Ndivyo alivyosema?"