Picha ya Kwenye Kopo la Maziwa

Kipo kisima upande wa Bura, mwanangu, ambacho nikikikumbuka shavu hili la kushoto bado linawaka. Nilikuwa kijana wa ndevu mbili tatu, nanywesha ngamia wa baba. Akatokea mpita njia, midomo imepasuka kwa kiu. Nikampa maji, nikamwongeza na maziwa, nikajiona mtu mwema kweli. Akanywa, akashukuru, akaenda zake. Baba aliporudi akauliza, "Ametoka wapi?" Sijui. "Jina lake?" Sijui. "Huko atokako kumenyesha?" Sijui, aabo. Nikala kofi.

"Maji hata ngamia anapewa," akasema. "Mtu unamuuliza habari."

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mkikutana njiani mnaulizana kwanza: mvua, malisho, nani kafa, nani kaoa, mpaka habari ziishe. Ngamia mwenyewe wa siku ile alikuwa na tabia mbaya ya kutafuna mashuka ya watu, lakini huyo tumuache, nikimwanza tutakesha.

Nilikuja mjini nikafungua studio ya picha hapa mtaa wa Waberi. Shule niliishia darasa la tatu; la nne nililionea dirishani. Ila kamera niliijua. Nilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na watu ambao hawajawahi kuona maji yakianguka popote walisimama mbele yake wakajisikia wako Ulaya.

Halafu ikaja ile miaka ya tisini, Somalia ikavunjika, watu wakamiminika. Dirisha langu likapata kazi nyingine. Wakimbizi walikuja kutazama nyuso nilizobandika kwenye kioo, wakitafuta waliopotezana nao njiani. Warsame alikuja hivyo. Kwao alikuwa amefundisha chuo kikuu; hapa alibeba magunia ya sukari sokoni. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alitazama kioo, akauliza kama nimemwona mke wake, Hodan, kisha akaketi kwenye benchi la wateja na kitabu chake cha Kiingereza. Picha ya mke hakuwa nayo. Nyumba yao iliungua na kila kitu.

Jirani yangu Mwalimu Farah akamuuliza kitabu kinasema nini. Sista Mwende, muuguzi kutoka Kitui, akasikia, naye akaketi. Basi tukawa chama cha kusoma, watu wanne. Warsame alisoma kimoyomoyo kisha akatueleza kwa Kiswahili, maana Mwende Kisomali hakijui. Chai ilikuwa yangu.

"Kitabu kinauliza," Warsame alisema siku moja, "picha ni ya nani? Ya aliyepiga au ya aliyepigwa?"

"Ya aliyenunua filamu!" nikajibu.

Mwalimu Farah akapiga paja lake. "Fungeni kitabu, huyu amekimaliza!"

Mwende hakucheka. "Wagonjwa wangu wanapigwa picha na wageni," akasema. "Hakuna anayerudi kuwaambia zilikwenda wapi."

"Hilo ndilo," Warsame akasema. "Ukimtazama mtu bila kumuuliza, umemfanya kitu."

Maneno niliyaelewa. Nilidhani yanawahusu wageni.

Tuliendelea hivyo miezi minane. Ndipo Mwende akasema, Ijumaa ijayo kila mmoja alete picha moja anayoipenda aeleze ilivyopatikana. Yeye akaleta ya mama yake akipura maharagwe. Mwalimu Farah akaleta ya harusi yake, kichwa kimekatwa. "Na fundi ni huyu hapa!" akanionyesha kidole, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Zamu yangu nikafungua kopo la maziwa nililokuwa nikiliweka chini ya benchi. Kwenye kioo jua hufifisha picha, na hii niliitunza kwa mashindano ya Nairobi. Nikawaeleza niliipiga barabara ya Hulugho, kuelekea mpaka wa Somalia, lori la mbuzi nililopanda liliposimama. Mama wa makamo amesimama peke yake, jua limeshika nusu ya uso, mdomo uko wazi kidogo. Wallahi, sijapata kupiga nyingine kama hiyo.

Warsame akaishika kwa mikono miwili.

"Hodan," akasema.

Miezi minane, mwanangu, alikuwa ameketi juu yake.

"Alikuwa hai, walaal, ndugu yangu!" nikasema haraka. "Alikuwa amesimama kwa miguu yake!"

"Alikuwa anaenda wapi?"

"Sijui."

"Watoto alikuwa nao?"

"Kwenye picha hawapo," nikajibu, kana kwamba aliyekuwepo pale ni picha, si mimi.

"Mdomo uko wazi. Alikuwa anasema nini?"

Nasaha yangu naiweka hapa, mwanangu, kwa sababu nikifika mwisho sauti huniishia. Ukikutana na mtu, kabla hujamtazama vya kutosha, muulize jina lake na anatafuta nini. Halafu nyamaza wewe, amalize. Usijiambie utamuuliza siku nyingine. Mimi siku nyingine hiyo naingoja hadi leo. Wala usidhani ukikaa na wenye vitabu umeshapona. Mimi nilikaa nao, nikawapikia na chai. Mungu akupe masikio kabla ya macho. Unayemtafuta usimkose, na anayekutafuta asipite mlangoni pako bila kukuona. Amin.

Nilimjibu Warsame ukweli, maana uongo haukunijia kwa haraka.

"Alianza kunisemesha," nikasema. "Nikamwambia, tulia mama, usitikisike, utaharibu picha. Akatulia. Nikapiga. Dereva akapiga honi, nikakimbilia lori."

Mwende alijifunika uso. Mwalimu Farah alitazama viatu vyake. Nilimngoja Warsame anipige, ningeshukuru.

"Naweza kuichukua?" akauliza.

Yeye ndiye aliyeniomba mimi ruhusa.

Nikaitikia kwa kichwa. Akaiweka kifuani ndani ya shati, akasimama, akakiacha kitabu kwenye benchi. Kipo hapa ndani, sijui hata kukisoma. Alipita mbele ya kioo bila kugeuka kukitazama, akakata kona penye wauza miraa, akashika njia ya Hulugho kwa miguu. Hakurudi.