Sahani ya Wamaya yenye tundu

Leo maman amenifanya niombe sahani msamaha. Mbele ya wageni.

Bon, munajua kazi yangu: mulinzi kwenye musée, nyumba ya vitu vya kale, chumba kile, salle ya Wamaya, wale watu wa zamani wa Amerika ya Kati. Siku muzima niko wima. Miguu imevimba.

Maman amefika kutoka Lubumbashi wiki iliyopita. Nikamuleta aone kazi ya mutoto wake. Nilitaka ajivune kidogo, basi.

Kwenye vitrine, kabati la kioo, kuko sahani ya udongo iliyochimbuliwa kaburini. Wameichorea ndege muzuri, ila katikati iko na tundu. Padri mumoja muzee, Mubelgiji aliyeishi Katanga, akamuelezea maman kwa Kiswahili, polepole kama anafundisha mutoto: "Waliochimba waliitoboa kwa bahati mbaya."

Maman: "Hapana, mon père. Walitoboa wenyewe waliozika. Kwetu kijijini, chungu cha marehemu tunakitoboa kwanza, ili muzima asikitumie tena."

Padri akavaa miwani, akasoma karatasi ya maelezo. Akasoma tena. Imeandikwa vilevile maman amesema.

Nikacheka. Kosa langu hilo.

Maman akanigeukia: "Na wewe? Miaka sita unasimama kwa marehemu, hata siku moja humusalimii?"

Alors, nikainamisha kichwa, nikaomba sahani msamaha. Wageni wanatuangalia.

Sasa naloweka miguu kwa maji ya chumvi. Kesho asubuhi ni salle ileile, na maman ataniuliza kama nimesalimia.

Nyie muliosoma, munisaidie: nimusalimie marehemu kwa luga gani? Kifaransa, sizani anasikia.