Matonge ya Bibi Askale

Niliwahi kuzika sahani nne.

Mazishi kamili. Nilichimba kaburi nyuma ya jiko, mvua ikinyesha, nikazilaza kwa upole, nikasoma sala fupi, nikafukia. Sikulia, maana sikuwa na undugu na marehemu.

Kabla hamjaniita mwehu, wadau, nipeni nafasi nijitetee.

Kwetu ni Dessie, juu huko milimani, ambako baridi haina adabu. Naitwa Hilina. Nilikuwa nasoma shule ya bweni, na likizo ile ya mvua nilirudi nyumbani nimechoka kama punda wa kuni. Nilitaka vitu viwili tu duniani: kulala, na kula kwa Bibi.

Bibi Askale ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu Endale, tangu wazazi wetu walipofariki. Nikisema "nyumbani", namaanisha yeye. Ukimwondoa Bibi, pale panabaki kuta na bati.

Na kwa Bibi hakuna kula peke yako. Injera moja pana, mkate wetu laini kama chapati, inatandazwa kwenye sinia, mchuzi unamwagwa katikati, wote mnazunguka. Halafu Bibi anaanza kazi. Anamega, anakunja, anachovya, anakutumbukizia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Tonge la kwanza, la pili, la tatu. Kulikataa tonge la mkubwa ni kumtukana, kwa hiyo unafumbua mdomo na kupokea hukumu yako.

Mtaa mzima uliujua mkono ule. Fundi aliyekuja kuziba bati aliondoka anatembea kama mjamzito.

Sasa likizo hiyo nafika, nakuta kimenuka.

Kaka Endale alikuwa ameoa baada ya Pasaka. Mkewe, wifi yangu Tsige, ni binti wa mfanyakazi wa reli kule Dire Dawa. Na kwao, sijui ni reli iliyowafundisha, kila mtu hula kwenye sahani yake. Kama mabehewa: wako pamoja, lakini kila mmoja na mzigo wake.

Alikuja na sahani nne za bati zenye maua. Kila mlo aliweka moja mbele ya Bibi, imepakuliwa vizuri, shiro, mchuzi wetu mzito wa unga wa dengu, pembeni, injera imekunjwa kama kitambaa.

Kila mlo Bibi aliisukuma kwa ncha ya kidole.

"Tsige mwanangu, kwetu anayetengewa chombo chake peke yake ni mbwa."

"Kidogo tu, Bibi. Onja."

"Nimeshakula."

"Umekula saa ngapi, Bibi?"

"Wewe umekuja kuolewa au kunihoji?"

Kaka yangu, mwanaume mzima mwenye mabega kama mlango, alikuwa anautazama mchuzi.

"Mimi nakula popote," alisema.

Shujaa wa taifa.

Ikawa tunaandaa mara mbili. Sinia huku, sahani kule. Anayebeba ni mimi, anayeosha ni mimi. Kaka na mimi tunakaa kwenye sinia na Bibi, tunalishwa. Wifi anakaa na sahani yake, anatafuna polepole, macho yake hayabanduki kwenye sinia letu.

Nikasema moyoni, huyu ana kijicho. Anatamani matonge na kiburi kinamzuia.

Kuna uchovu wa kukimbia na kuna uchovu wa kukaa. Ule ulikuwa wa kukaa. Kila neno mezani unalipima kwanza. Ukisifu mchuzi, umemsifu nani? Ukiomba chumvi, umemtukana nani? Nilianza kulikumbuka bwalo la shule, na bwalo letu lina maharage yanayotembea.

Kisha jioni moja Bibi akatoa tamko.

"Nimekula sinia moja na watu tangu nina meno ya utoto. Siku mkinilazimisha sahani, nahamia kwa watawa. Shela langu nimeshalifua."

Hakuwa anatania. Vikongwe wa kwetu hufanya hivyo: anajifunga shela, anakwenda kuishi uani mwa kanisa, mnabaki kumtembelea na mishumaa. Na mimi nitarudi likizo kwa nani? Kwa mtu anayekula popote?

Usiku sikulala. Alfajiri nikachukua jembe.

Sasa mmeelewa mazishi.

Mchana wake niko kibarazani, sina hatia usoni, wifi akatokea nyuma ya jiko. Kashika sahani nne, zinachuruzika tope.

"Wifi," akasema kwa utulivu, "siku nyingine chimba zaidi. Mbwa wa jirani alishaanza matanga."

Nilijaribu kununa. Nikacheka kwanza, ndipo nikanuna.

"Kwani wifi unataka Bibi aondoke?"

Akakung'uta tope kwenye sahani.

"Wewe unakaa naye sinia moja. Unashiba?"

"Nashiba mpaka sketi imegoma kufunga."

"Na yeye?"

"Yeye nini?"

"Basi," akasema, akaenda kuziosha.

Mafumbo ya Dire Dawa. Sikuyafuatilia. Nilikuwa na mpango wangu: nikiwachekesha wote kwa pamoja, hata mara moja, vita itaisha.

Jioni ile, shiro ya kawaida. Tumekaa, Bibi ameshanilisha, amemlisha kaka. Mimi nikasimama. Nikakunja tonge. Wadau, lilikuwa tonge! Ukubwa wa ngumi ya mtoto, pilipili imelalia juu kama kofia ya askofu.

"Kwa niaba ya wanafunzi wote wenye njaa," nikasema kwa sauti ya mkuu wa shule, "naomba kumlisha mkuu wa nyumba hii, ambaye ametulisha miaka yote bila kulishwa."

Kaka alicheka. Bibi hakucheka.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Bibi, kulikataa tonge ni matusi. Nani alinifundisha?"

Alimtazama kaka. Alimtazama wifi. Hakukuwa na pa kutokea. Akafumbua mdomo.

Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Kicheko cha kaka kikapungua, kikaisha. Bibi bado anatafuna. Machozi yakamlenga, mkono ukaenda kooni, na shela likateleza begani. Nikaiona shingo yake. Mifupa imesimama kama mishikio ya kikapu.

Akainuka, akatoka nje.

Nilimkimbilia. Wifi alikuwa ameshatangulia, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. Bibi ameinama kando ya pipa la maji, wifi amemshika paji la uso. Tonge likaanguka chini kwenye tope.

Halikuwa limepungua.

"Tangu lini, Bibi?" wifi akauliza.

Bibi akashika ukingo wa pipa.

"Bibi. Tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi yenu," Bibi akasema, akajifuta mdomo. "Maziwa yanapita. Kahawa inapita. Injera inakataa."

Nikasimama pale mvua inanipiga. Mkono wa Bibi ulikaa ndani ya sinia muda mrefu kuliko mikono yetu yote. Ulimega, ulikunja, ulichovya. Na likizo nzima sikuwahi kuuona ukirudi mdomoni mwake. Akikonda, tulisema ni mfungo. Nani atamuuliza mtu ambaye muda wote mkono wake umo kwenye chakula kama amekula?

Wifi aliuliza. Kwa sahani.

"Kwenye sinia kila mtu anaonekana ameshiba," akaniambia. "Nilitaka kitu kibaki mbele yake, wote mkione."

"Si ungesema tu!"

"Niseme nini, wifi? Mimi mke wa juzi, niseme bibi yenu hali chakula, katika nyumba ambayo anayepika ni mimi? Mngesema namnyima. Na wewe ndiye ungekuwa wa kwanza."

Nilitaka kubisha. Nikachota maji pipani, nikampa Bibi asukutue.

"Nyamazeni nyote," Bibi akasema. "Huyu amebakiza mwaka mmoja wa shule. Mimi nikilala kitandani, nani ataitwa aje kunikorogea uji? Endale? Anayerudishwa nyumbani siku zote ni msichana. Nawajua watu, na mimi ni mmoja wao. Mama yake nilimrudisha mimi mwenyewe, hata herufi hajazijua, akamuuguze mama yangu."

Hapo nilipata jibu la swali ambalo sikuwahi kuuliza: kwa nini mama hakujua kusoma.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Sijui amesikia kiasi gani. Alishuka ngazi bila viatu, akamnyanyua Bibi kama mtoto.

"Kesho hospitali," akasema. "Na uji nitakoroga mimi."

"Wewe hujui kukoroga," Bibi akasema begani kwake.

"Utanifundisha."

Ulikuwa uvimbe kooni. Addis Ababa, foleni, mabenchi, sindano, kurudi, kwenda tena. Sitawachosha. Sisi tulichoka kwa niaba yenu.

Shuleni nilirudi. Kaka aliniweka garini mwenyewe, na kila nilipopiga simu kuuliza kama nije, jibu lilikuwa moja: "Soma wewe." Uji wake una mabonge kama barabara yetu, lakini kila asubuhi upo.

Na Bibi? Yupo. Si yule wa zamani. Anakula vilaini, kwa kijiko, na anayemshikia kijiko ni wifi. Anafumbua mdomo kwa hasira, kama mfungwa aliyeletewa chakula cha serikali.

Likizo iliyofuata mimi na kaka tulikaa kando yao tukitazama. Bibi alikipokonya kijiko, akakigeuza kuelekea kwangu, uji unadondoka.

"Hilina, fumbua. Umekonda."

Wifi akamshika kiwiko, taratibu.

"Hapana, Bibi. Tonge hili ni lako."

Walitazamana. Mimi nikafunga mdomo wangu kwa mikono miwili. Hatimaye Bibi akakirudisha kijiko kwake mwenyewe, akala, na sote watatu tukaikodolea macho shingo yake mpaka uji ukashuka. Kaka alipumua kwa sauti.

"Mnanitazama nini?" Bibi akafoka. "Hamjawahi kuona mtu akimeza?"

Kwa kweli, tulikuwa hatujawahi.

Funzo sasa, maana najua mnalisubiri. Mnaokula sinia moja, kuleni. Mnaokula kila mtu na sahani yake, kuleni. Siwaamulii. Ila mkikaa leo, mtafuteni yule anayewahimiza wengine, "kuleni, kuleni, mbona hamli?"

Msiharakishe kumshukuru. Mngojeni kwanza ameze.