Gari Lililopakwa Mafuta ya Papa

Kaka yangu alipofariki mimi nilikuwa kule Amani, juu mlimani, nimepelekwa kutengeneza mtambo wa kuvuta maji. Mvua zilikuwa zimeikata njia. Habari zilinifikia siku ya tatu, na maiti wetu hangoji mtu. Nilipofika Kigombe kaburi lilikuwa limekwisha kunyeshewa, na watu walikuwa wamekwisha kuulizwa lile swali ambalo kwetu huulizwa kabla jeneza halijainuliwa: mliokosana naye, mmemsamehe? Wote waliitikia kwamba wamemsamehe. Aliyekosana naye kuliko wote nilikuwa mimi, na mimi sikuwapo.

Tulikuwa hatujasemezana miaka saba. Nilitaka kujua jambo moja tu: alikwenda na kinyongo nami, au hakwenda nacho? Mtu pekee wa kunijibu alikuwa mkewe, naye alikuwa ameingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, hatoki, wala hapokei wanaume wasio maharimu wake. Shemeji si maharimu. Ningeweza kumtuma mtu akaniulizie, lakini nieleweni: swali kama lile ukilituma kwa mdomo wa mwingine, kesho yake linaulizwa kisimani. Nikasema nitangoja.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya gari. Kaka alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, na Mzungu huyo alipofunga virago kurudi kwao akamwachia gari lake la mbio. Dogo, la kijani, pua ndefu, viti viwili, na paa lake ni turubai la kukunja. Kaka alilileta nyumbani akipiga honi tangu penye minazi ya kwanza, kijiji kizima kikatoka. Mimi nilikuwa fundi kwenye gereji moja mjini Tanga, nimelala chini ya magari ya watu tangu ujana, sina hata baiskeli iliyo nzima. Wivu ulinila. Nilikana siku nyingi, sasa nimezeeka, sina sababu ya kukana.

Basi jioni ile barazani, watu wamejaa wanalisifu gari, nikamwambia: "Wewe kazi yako kushika usukani. Chuma hukijui. Hili nalo utaliozesha kama ulivyoiozesha ngalawa ya baba."

Baba yetu alikuwa mvuvi. Mwaka alioanza kuugua alimwachia kaka kazi ya kuipaka ngalawa sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo mbao za chombo hunyweshwa zisiliwe na maji ya chumvi. Kaka alikuwa ndio kwanza amepata kazi ya udereva, furaha imemjaa, akasahau. Ngalawa ikaoza, na baba akafa hana chombo. Baba mwenyewe hakumsema hata siku moja. Nikaja kumsema mimi, miaka kumi baadaye, mbele za watu.

Kaka hakunijibu. Aliinuka akaingia ndani. Mimi nikapanda hasira zaidi, maana mtu ukimtukana akakunyamazia umebaki na tusi lako mkononi, nikasema kwa sauti hapa sikanyagi tena mpaka mwenyewe aniite. Nikaenda zangu Tanga kungoja kuitwa. Nilisikia kwa wapita njia kwamba gari ameliingiza kwenye ghala la mbata na haliendeshi. Kumbe mtu anaweza kungoja miaka saba, huku anakula, analala na kuswali kama kawaida.

Hawakujaaliwa mtoto, kwa hiyo mirathi ilirudi kwangu na kwa mjane. Nyumba na minazi nilimwachia shemeji. Wazee wakaniuliza, na wewe? Nikasema nipeni hilo gari. Mmoja akacheka, akasema, "Chukua, mwanangu. Humo siku hizi wanalala kuku."

Nikaanza kuendesha baiskeli ya kuazima kila Jumamosi mchana, kutoka mjini mpaka Kigombe, vumbi la barabara ya Pangani linanijaa kooni, na kurudi Jumapili alasiri. Nyumbani kwangu hapakuwa na wa kunikataza. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Muheza kupumzika, na mwaka wa pili ule alikuwa bado anapumzika.

Ghala lilipakana na ua wa nyumba, kati yake ukuta wa makuti tu. Nilimsikia shemeji akikohoa. Nilisikia maji yakimiminwa na sufuria ikifunikwa. Yeye naye bila shaka alisikia nyundo yangu. Watu wawili tuliofiwa na mtu mmoja tulikaa hatua kumi mbali, na salamu zetu zilipitia kwa shangazi yake, bibi mmoja mwenye ulimi wa pilipili, aliyekuwa akimhudumia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unatengeneza gari, au unahesabu eda?"

"Natengeneza gari, bibi."

"Haya. Maana na watu nao wanahesabu," akasema, akaweka chini sahani ya mihogo na dagaa, akaenda zake. Nilikula peke yangu, nimekaa kwenye kiti cha dereva. Kile cha pili nilikipangia spana.

Siku ya kwanza nilipolivua turubai nilisimama nikashangaa. Gari zima lilikuwa limevaa ngozi ya rangi ya kahawia, nene, ngumu, na harufu naijua tangu utotoni. Mafuta ya papa. Lilikuwa limepakwa juu, chini, ndani ya milango, kwenye springi na kwenye kila nati, na lilipakwa kwa mkono, si kwa brashi. Njia za vidole zilionekana wazi, vinne vinne, zimegandia pale.

Kisha nikafungua plagi, nikachungulia kwa kioo. Mafuta yaleyale yalikuwa yamemwagwa mpaka ndani ya silinda. Fundi yeyote anajua mafuta ya papa yakikaa hukauka yakawa gundi. Nilitia hendeli nikasukuma kwa uzito wangu wote, injini haikutikisika. Pistoni zilikuwa zimeshikwa kama zimejengewa.

Nilikaa chini kwenye makumbi ya nazi. Kwangu jibu lilikuwa limefika kabla ya eda kwisha. Nilimwambia ataliozesha kama ngalawa, naye akalipaka kama ngalawa, akaiua injini yake kwa mafuta ya ngalawa, akaniachia nilikute. Nilisema peke yangu, "Umenikomoa, kaka." Nililia pia, kwa hasira, na nikajizuia nisisikike upande wa pili.

Mtu mwingine angeliacha. Mimi nina kichwa cha punda, nikikasirika ndipo ninapofanya kazi. Nilitia mafuta ya taa ndani ya silinda, nikayaacha wiki nzima, nikayanyonya, nikatia mengine. Nilichemsha maji kwenye debe nikaimwagia injini. Nililifungua kabureta vipande vipande, nikavisugua kwa msumari na unyoya wa kuku, maana kuku walikuwapo tele. Wiki ya tisa niliweka kipande cha mti wa mpera juu ya pistoni, nikagonga polepole, nikasikia kitu kimekatika ndani. Hendeli ikazunguka nusu. Sikuwa na mtu wa kumwambia, nikawaambia kuku.

Mwili wa gari nao nilisema lazima niutoe ile ngozi. Nilichemsha magadi, nikasugua kwa makumbi, nikakwangua kwa kisu palipokataa, nikamalizia kwa msasa. Wiki saba. Kila Jumapili nilirudi mjini nanuka hata mwenye duka hataki kuniuzia sigara kwa karibu. Chini ya ile ngozi bati lilikuwa jipya. Hapakuwa na kutu hata chembe, pwani ile ambako bawaba ya mlango haimalizi miaka miwili. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikiwa fundi, na sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa naona njia za vidole vyake tu, na kila niliyoiona niliikwangua. Nililala chali chini ya gari nikazifuata moja moja mpaka pembeni kabisa, kusiko na mtu atakayeangalia, nikiwa nasema maneno ambayo sitayaandika.

Siku shemeji alipotoka eda, gari lilikuwa limesimama uani, kijani kitupu, linanguruma. Nililiwasha makusudi, nadhani nilitaka kaka asikie huko aliko. Wanawake walikuwa wamemwogesha, amevaa kanga mpya, amekonda. Tulisalimiana mlangoni, shangazi yake amekaa katikati yetu kwenye mkeka kama hakimu. Nilizima injini. Maneno niliyoyapanga miezi minne yalinitoka kichwani yote, nikabaki na swali moja.

"Shemeji, alikwenda na kinyongo nami?"

Aliliangalia gari kwanza.

"Umeyatoa mafuta yake," akasema.

"Yalikuwa yameua injini."

"Ndani alimwaga kwa kuwa alisema chumvi huanzia ndani. Alitia kidogo kidogo, kwa kijiko." Akaiweka kanga yake sawa, akaendelea. "Kila mwaka kabla ya masika, shemeji. Ananunua mafuta kwa wavuvi, anavua shati, analala chini ya gari hilo siku mbili, tatu. Namwambia nunua brashi, anasema brashi haifiki pembeni. Anasema, mdogo wangu akija asikute kutu hata pahala pamoja. Asije akaniambia tena kama ile ngalawa."

"Mbona hakuniita?"

"Alikuwa akisema akimaliza kupaka atakuita. Akimaliza, analizunguka gari, anasema bado, kuna pembe sikuifikia vizuri. Nitamwita mwaka ujao. Mwaka huu homa ilimchukua mafuta yakiwa bado kwenye chupa. Ile pale, nyuma ya mlango."

Niliiona. Chupa ya mvinyo ya Mzungu, imezibwa kwa kizibo cha kumbi.

"Alinisamehe?" nikauliza. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kuomba.

"Sikumsikia akilitaja neno hilo," akasema shemeji. "Nikikwambia alilitaja nitakuwa nakudanganya, nami leo ndiyo nimetoka eda. Nimekwambia nilichokiona."



Niliomba nipewe ile chupa, nikapewa. Niliiweka kwenye kiti cha pili, nikaiegemeza kwa koti langu isianguke, nikaagana nao. Gari lilikwenda vizuri. Lilikuwa gari la kumfurahisha mtu yeyote, na watoto wa barabarani walikimbia nyuma yake kama walivyokimbia siku ile kaka alipolileta. Nilipofika Tongoni nilisimama pembeni, nikazima injini, nikashuka, nikalala chali mchangani nikajiingiza chini.

Nilitafuta alama ya kidole kimoja. Niliangalia nyuma ya tangi, juu ya mhimili, kwenye ile pembe ya ndani ambako hata mkono wangu ulipita kwa shida. Nilipitisha kucha kila pahala, nikanusa bati, nikasikia harufu ya magadi. Mchuuzi mmoja wa nazi alisimama akaniuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia hapana, ni zima kabisa.

Nilikuwa fundi hodari, kila mtu Tanga alilijua hilo. Sikuwa nimeacha hata alama moja.