Siri ya Kola Inayolala

Wenzake walimwita Bi Kola, na jina hilo hakupewa bure. Shati lililotoka mikononi mwake lilikuwa na kola iliyotulia kwa adabu zake, ncha hazinyanyuki hata lifuliwe mpaka lipauke. Alifanyaje, hakuna aliyejua. Katika ule ukumbi wa cherehani sita, yeye akifika kwenye kola aliwapa wenzake mgongo, akashona akitazama ukuta.

Usimlaumu haraka. Mafundi wote sita walikuwa hivyo hivyo, kila mmoja na lake la kuficha. Mbaya zaidi, Bi Kola na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, walikaa cherehani za kupakana na mwaka wa pili sasa hawasemezani. Ugomvi wenyewe ulikuwa nani aliisahau pasi juu ya koti la mteja. Ni aibu hata kusimulia, lakini ndivyo watu wazima tulivyo.

Jumatatu moja fundi suruali, mkubwa wao kwa umri, alirudi kutoka shuleni uso umemshuka. Shule waliyoishonea sare miaka yote ilitaka kununua mashati ya kiwandani. Mwalimu mkuu aliwapa nafasi moja tu: mashati mia tatu, wiki mbili, na yafanane kama yameshonwa na mtu mmoja. Wakishindwa, ukumbi ule haukuwa na kazi nyingine ya kuwaweka pamoja.

Basi ungewaona. Watu waliokuwa wakinyimana hata pini sasa wanaazimana mikasi. Wifi mtu akaleta uzi, akauweka mezani kwa Bi Kola bila neno. Wakashona mashati sita ya mfano, kila fundi lake, fundi suruali akayapeleka. Alirudi nayo matano.

"La Bi Kola amelikubali," alisema. "Haya mengine anasema ncha za kola zimenyanyuka kama masikio ya mbuzi."

Macho yote yakamgeukia Bi Kola. Yeye akainamia cherehani kama hakusikia. Kola mia tatu peke yake asingeziweza, hilo alilijua. Lakini kiwanda kingechukua shule tu. Hawa watano, wakishaijua siri yake, wangeweza kumchukulia kila mteja aliyebaki, na ni kwa kola hiyo alisomesha watoto baada ya mumewe kufariki. Aliogopa, tena aliwaogopa wenzake kuliko kiwanda. Akatoka nje, akanawa uso, akarudi.

"Sogeeni," alisema. "Nasema mara moja tu."

Alisema mara nne. Kipande cha chini cha kola kinakatwa kidogo kuliko cha juu, kwa upana wa nyuzi mbili hivi, kisha unakivuta kilingane na mwenzake wakati wa kushona. Kile cha chini ndicho kinachoivuta ncha ilale.

"Miaka yote hii, kumbe ni hicho tu?" fundi suruali akacheka.

"Kama ni hicho tu, mbona hukukijua?"

Mashati yalifika siku moja kabla ya muda, na shule ikabaki yao. Walishangilia siku mbili. Hofu ilipoisha, na umoja ukaanza kulegea. Wakarudia kugombania feni. Wiki ya tatu Bi Kola alimwona mteja wake wa siku nyingi anapimwa shingo kwa fundi suruali. Moyoni alijiita mjinga, maana alilijua hili tangu mwanzo.

Akasikia kiti kinaburutwa. Wifi yake alikuwa amekisogeza mpaka goti kwa goti.

"Wifi, leta hiyo sketi inayokutoa jasho. Nikuoneshe ninavyotia zipu isitune."

Bi Kola alimkazia macho. Zipu hizo ndizo zilizomlisha mwanamke huyu.

"Mbona hukunionesha siku zile tulipokuwa tunahangaika?"

"Siku zile tulikuwa tumekabwa koo wote. Ungesema nimekupa kwa woga." Wifi akaivuta sketi mapajani. "Leo hakuna anayetutisha. Shika hapa."

Bi Kola akashika, lakini machozi yalimzuia kuiona sindano, ikabidi wifi yake amsubiri kwanza ajifute.