Bati Kwenye Msumari wa Nyumbani

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtu akikuambia fundi cherehani hana habari na bahari, mlete kwangu. Kila mwisho wa wiki aliacha mapazia ya watu nusu, akafunga duka, akaenda kukaa kwenye chumba cha redio cha waokoaji wa kujitolea, juu ya ngazi za gati. Hakulipwa hata nauli. Nikimlaumu, ananijibu, "Mdogo wangu, tenda wema uende zako."

"Sasa wewe mbona huendi zako? Wiki ijayo uko pale pale!" Tunacheka, yaishe.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza, redio, feni inayolalamika na ubao wa mabati. Kila mwenye boti ya starehe alikuwa na bati lake la duara lenye jina la boti. Ukitoka, unalitundika safu ya juu, palipoandikwa BAHARINI, na unamwambia aliye zamu unaelekea wapi, uko na nani, utarudi lini. Ukirudi, unapanda ngazi na maji yako yakikutiririka, unalishusha safu ya chini, NYUMBANI. Unalishusha wewe mwenyewe, si mkeo wala rafiki yako. Safu ya juu ikibaki na bati jioni, waokoaji wanawasha injini.

Kwa hilo dada alikuwa mkali kuliko mama mkwe. Bwana mmoja mwenye boti kubwa aliwahi kupiga simu akiwa garini, "Nimesharudi, nishushie bati langu." Dada akamwambia, "Nitajuaje ni wewe na si mzimu wako? Panda ngazi." Akapanda, na kitambi chake kile, anahema mpaka tukamwonea huruma.

Mkuu wao tulimwita Kapteni, ingawa hajawahi kuongoza chombo chochote zaidi ya duka lake la rangi. Nisimnyime haki yake: ndiye aliyemfundisha dada redio, na sheria ya bati ilikuwa yake. Tena alikuwa rafiki wa chanda na pete wa shemeji yangu, mume wa dada. Shemeji ni seremala, jina lake la utani Nanga, kwa sababu akikaa mahali hang'oki.

Jumamosi moja Nanga alitoka peke yake kuvua, kujifurahisha tu. Alilitundika bati lake juu, dada anamwona, kwa kuwa alikuwa anamalizia zamu ya asubuhi. Dada akamkagua jaketi la kuokolea, akaivuta filimbi aliyoishona mwenyewe begani kwa uzi wa maturubai, akamwambia, "Jua likianza kushuka nikuone hapa." Kisha akamwachia Kapteni zamu, akachukua pikapu ya mumewe kupeleka mapazia kwa mteja. Aliondoka na tela la boti likiwa nyuma, maana kulifungua hajui.

Pikapu hiyo ndiyo iliyotuponza. Alasiri Kapteni alikuwa na wageni wanamsubiri nyumbani, na chumba hakifungwi mpaka safu ya juu iwe tupu. Lilikuwa limebaki bati moja. Akachungulia dirishani, akaona pikapu haipo, tela halipo. Akasema moyoni, Nanga kesharudi, kasahau. Akalishusha bati, akafunga mlango, akaenda kwa wageni wake.

Jioni dada akapita kumchukua mumewe. Alikuta mlango umefungwa, akatazama kupitia kioo. Bati liko NYUMBANI. Moyo wake ukatulia kabisa. Simu ya Nanga haikupatikana, lakini simu yake kuzima si habari mpya. Dada akajua huyo kakutana na marafiki zake, wamemvutia boti kwa gari lao, na keshatia nanga huko huko. Akarudi, akala, akalala. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo! Mke wa mtu alilala usingizi wake kwa kuliamini bati.

Kumbe injini ilikuwa imekufa mbali, na wimbi limeipindua boti. Nanga alikesha majini, kajifunga mkono kwenye boti kwa kamba asichukuliwe. Alfajiri dada alipapasa kitanda, akakuta baridi upande wa pili, akawaamsha watu wote. Waokoaji walimpata kwa kufuata sauti ya filimbi. Alikuwa hai, lakini ule mkono wa kamba, mkono wake wa kushikia randa, haukukunja vidole tena.

Wakubwa wa bandari wakataka kujua kwa nini msako ulianza asubuhi. Mkutano ukaitwa palepale chumbani, nami nikajipenyeza. Kapteni akasimama, mkavu wa macho.

"Ndugu zangu, bati halikutundikwa. Lilikuwa chini siku nzima."

"Kapteni!" dada akaruka. "Nililiona juu kwa macho yangu haya!"

"Shemeji, siku ile ulikuwa na haraka na mapazia yako. Binadamu tunasahau."

Dada hakubishana naye. Alimgeukia mumewe. "Baba, hebu waambie."

Chumba kizima kikamtazama Nanga. Yeye akautazama mkono wake uliofungwa bandeji.

"Labda nilisahau," akasema.

Wallahi, ningekuwa na kiatu kizito ningemrushia. Watu wakaanza kumtazama dada kama mwongo, watu ambao ameita boti zao kwenye redio mpaka sauti ikamkauka. Aliweka funguo za chumba mezani, akashuka ngazi.

Nyumbani nilikuwa jikoni, nikawasikia. Nanga alikuwa anambembeleza. "Alikuja hospitali, akalia kama mtoto. Alilishusha yeye, alidhani nimerudi. Ikijulikana, kikundi kitafungwa. Ni rafiki yangu, mke wangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu mwenyewe ni mimi?" dada akauliza.

Kapteni alimsingizia dada mbele ya watu, sawa, kikulacho ki nguoni mwako. Lakini Nanga, mtu aliyepumua kwa filimbi ya dada usiku kucha!

Dada hakurudi kwenye redio. Boti ikatengenezwa, na Nanga akajifunza kuushika usukani kwa mkono mmoja. Juzi alikuja dukani, jaketi mkononi, mpole kama mgeni.

"Mke wangu, Jumamosi natoka kidogo. Hao wapya kwenye redio siwaamini. Ungenishikia zamu, siku hiyo moja tu."

Dada hakuinua macho kutoka kwenye pazia.

"Bati lako si liko NYUMBANI?" akasema. "Basi umesharudi."

Akakanyaga cherehani. Nanga alibaki mlangoni na jaketi lake, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule hajui akae wapi.